Mary Midgley alipinga sayansi, au alipinga hadithi zinazopachikwa kwenye sayansi?

mkufunzi_wa_maadili

Habari zenu wakuu. Naandaa vipindi vya falsafa ya maadili, mada ikiwa asili ya binadamu na sayansi, na mwanafalsafa niliyemchagua ni Mary Midgley wa Uingereza. Wanafunzi kwa kawaida huja wamegawanyika. Kuna wanaosema binadamu hana asili yoyote, kila kitu ni malezi na jamii. Wengine wanasema sayansi imeshathibitisha kwamba sisi ni mashine za jeni, na maadili ni geresha tu. Midgley anazikataa kauli zote mbili, lakini mkondo wa hoja yake haujakaa sawa kichwani mwangu.

Naomba msaada kwenye haya. Je, alikuwa mpinzani wa sayansi kama wengi wanavyodai, hasa kwa ule ugomvi wake na mwanabaiolojia Richard Dawkins? Na tukikubali kwamba binadamu ana asili, uhuru wa kuchagua unabaki wapi? Tafadhali nipeni mifano inayobeba uzito, siyo ufupisho wa maneno mazito.

mtafiti_silika

Mkuu, usianze na Dawkins. Ukianza hapo darasa zima litageuka mchuano wa nani alimshinda nani. Anza na *Beast and Man* ya mwaka 1978.

Midgley alizaliwa London mwaka 1919, akasoma Oxford miaka ya vita katika kizazi kimoja na wanafalsafa Iris Murdoch, Philippa Foot na Elizabeth Anscombe, kisha akafundisha chuo kikuu cha Newcastle kwa miaka mingi. *Beast and Man* ndicho kitabu chake cha kwanza, na alikuwa anakaribia miaka 60. Kabla ya hapo alikuwa ameshawasoma kwa kina wachunguzi wa tabia za wanyama: Konrad Lorenz, Niko Tinbergen, na Jane Goodall, aliyeanza kazi Gombe, Kigoma, mwaka 1960. Malalamiko yake dhidi ya wanafalsafa wenzake yalikuwa kwamba wana baiolojia kidogo mno. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mpinzani wa sayansi.

Alikuwa anapambana na watu wa pande mbili ambao wenyewe kwa wenyewe hawakuwa marafiki. Kulikuwa na wanasaikolojia wa mkondo wa John B. Watson, waliomchukulia mtoto kama karatasi tupu ambayo mazingira huandika yanavyotaka. Na kulikuwa na mwanafalsafa Jean-Paul Sartre, aliyesema katika mhadhara wake maarufu wa Paris mwaka 1945 kwamba hakuna asili ya binadamu, mtu hujiumba kwa machaguo yake. Midgley aliwauliza wote swali moja: kama hakuna asili, mtumwa anadhulumiwa nini? Karatasi tupu hailalamiki, andika utakavyo. Tukisema kifungo cha upweke kinamharibu mtu, tayari tumekiri kwamba kuna kitu ndani yake kinachoweza kuharibiwa, kitu ambacho mlinzi wa gereza hakukiweka yeye. Hoja hii ipe muda wa kutosha darasani, kwa sababu wengi huamini kwamba kukana asili ya binadamu ndiko kutetea haki.

Sasa silika. Midgley anatofautisha silika iliyofungwa na silika iliyo wazi. Iliyofungwa ni ile ambayo kila hatua imepangwa kwenye urithi: dansi ya nyuki anayewaonyesha wenzake maua yalipo, au ufumaji wa kiota cha mnana. Silika iliyo wazi ni mpango wenye nafasi iliyoachwa makusudi ijazwe na mafunzo: kuwinda, kulea watoto, kuimba. Paka huzaliwa na hamu ya kuvizia, lakini ustadi wa kumaliza mawindo anaupata kwa kufanya. Kadiri mnyama anavyokuwa na akili zaidi, ndivyo nafasi hizo zinavyopanuka, ila hamu yenyewe haiondoki. Wanafunzi hukosea hapa karibu kila mara: wakisikia silika wanafikiria kitufe kinachobonyezwa. Waambie silika iliyo wazi inatoa mwelekeo na uzito, haitoi kitendo kamili.

Kuhusu uhuru, tumia mbayuwayu wa Darwin. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu chimbuko la binadamu, Darwin anaeleza jinsi mbayuwayu mama, msimu wa kuhama ukifika wakati makinda bado wadogo, anavyoweza kuwaacha wafe kiotani na kuondoka na kundi. (Mbayuwayu tunaowaona kwenye nyaya za umeme huku kwetu miezi ya baridi ya Ulaya ni wahamiaji wa aina hiyohiyo.) Akiwa na makinda yake, hamu ya kulea huenda ikawa na nguvu zaidi; lakini msimu huo hamu ya kuhama haimwachi, na mwishowe inashinda. Darwin anasema ndege huyo angekuwa na uwezo wa kukumbuka na kutafakari, angefika mwisho wa safari akiteswa na majuto.

Midgley anaichukua hoja hii na kuijenga zaidi kwenye *The Ethical Primate* ya mwaka 1994. Anasema maadili yanazaliwa hapo hasa, kwa kiumbe chenye hamu zinazogongana na akili inayoweza kuuona mgongano huo. Kiumbe chenye hamu moja tu hakihitaji maadili. Kisicho na hamu yoyote hakina cha kuchagua. Kwa hiyo asili yetu haipunguzi uhuru, ndiyo inayotupa vitu vya kuchagua kati yake. Uhuru ni kazi ya kuzipanga hamu hizo ziishi pamoja, na kazi hiyo inafanywa na mtu kwa ukamilifu wake, haifanywi na kiungo kimoja ndani yake kinachoitwa akili au utashi.

bint_jenetiki

Naongezea upande wa jeni, maana hapa watu husambaza makosa ya pande zote.

Kwanza historia. Mwaka 1976 Dawkins alitoa *The Selfish Gene*, yaani "Jeni Yenye Ubinafsi". Mwaka 1978 mwanafalsafa J. L. Mackie aliandika makala kwenye jarida la *Philosophy* akijaribu kutoa somo la kimaadili kutoka humo. Makala ya Midgley ya mwaka 1979, kwenye jarida hilohilo, ilikuwa jibu kwa Mackie. Wengi wanasahau hili, wanadhani alimrukia Dawkins bila sababu. Dawkins alijibu mwaka 1981, na Midgley akarudi tena mwaka 1983, safari hii akiomba radhi kwa ukali wa lugha yake ya mwanzo.

Pili hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala unaelea. Mwaka 1964 mwanabaiolojia W. D. Hamilton alionyesha kwamba jeni inayosababisha mnyama kumsaidia ndugu yake inaweza kuenea pale *rB* inapozidi *C*. *C* ni hasara ya msaidizi, ikihesabiwa kwa watoto anaowakosa. *B* ni faida ya anayesaidiwa, kwa kipimo hichohicho. *r* ni kiwango cha undugu: mzazi na mtoto 0.5, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja 0.5, ndugu wa mzazi mmoja 0.25, binamu wa kwanza 0.125. Chukua mnyama anayepoteza mtoto 1 ili mwenzake apate watoto 3 zaidi. Mwenzake akiwa ndugu wa damu, 0.5 mara 3 ni 1.5, inazidi 1, tabia inaweza kuenea. Akiwa binamu, 0.125 mara 3 ni 0.375, haifiki. Kwa binamu faida lazima ipite 8.

Kosa linalojirudia sana ni kuichukua *r* kama asilimia ya DNA mnayofanana. Mtu atasema sisi na sokwe tunafanana kwa zaidi ya asilimia 95, basi tuwasaidie kama ndugu. Sivyo. *r* hupima kufanana kunakotokana na ukoo wa karibu, juu ya wastani wa kundi zima.

Angalieni tena fomula hiyo. Hakuna nia ndani yake, wala chuki, wala upendo. "Ubinafsi" wa jeni ni jina la kitaalamu la matokeo: nakala za jeni hii zinaongezeka zikilinganishwa na za jeni mbadala wake. Dawkins alilisema hilo wazi, kwamba anaufafanua ubinafsi kwa matokeo na siyo kwa nia. Kwa hiyo Midgley alipoanza makala yake kwa kusema jeni haziwezi kuwa na ubinafsi, sawa na atomu zisivyoweza kuwa na wivu, wanabaiolojia waliona anagonga mlango uliokwisha kufunguliwa. Kwenye hilo mimi nawaunga mkono wanabaiolojia. Hakuisoma nadharia kwa upole iliyostahili.

Lakini msiishie hapo. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake, Dawkins anatuhimiza tufundishe ukarimu kwa sababu tumezaliwa na ubinafsi. Hapo "tumezaliwa" ni sisi watu, na ubinafsi ni ule wa kawaida wa mtu asiyejali wenzake. Fafanuzi ya kitaalamu imeachwa njiani. Jeni kuenea hakusemi lolote kuhusu mtoto kuzaliwa mchoyo. Jeni "yenye ubinafsi" inaweza kabisa kuenea kwa kumfanya mama awe na upendo wa kweli kwa mwanawe, ndivyo *rB* kuzidi *C* kunavyofanya kazi. Kuteleza huku kutoka maana moja kwenda nyingine ndiko Midgley alikokuwa analalamikia. Na mwaka 2006, katika utangulizi wa toleo la miaka 30, Dawkins mwenyewe alisema maneno hayo ya kuzaliwa na ubinafsi yanapotosha na akamwomba msomaji ayafute akilini.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alikuwa sahihi: kuhusu nadharia ya jeni, Dawkins. Kuhusu kile ambacho sitiari ile ilifanya vichwani mwa wasomaji, Midgley, na ushahidi upo kwenye maandishi ya mpinzani wake.

mkufunzi_wa_maadili

Dada, hiyo ya 2006 sikuijua, ahsante sana. Inabadilisha namna nitakavyopanga kipindi. Sasa vipi kauli za siku hizi za ubongo: "mapenzi ni kemikali tu", "wewe ni mkusanyiko wa nyuroni tu"? Midgley ana njia gani ya kuzijibu bila kuonekana anaikataa sayansi ya ubongo?

ramani_nyingi

Hilo alilishughulikia hasa kwenye *Are You an Illusion?* ya mwaka 2014, akiwa na zaidi ya miaka 90. Mlengwa mkuu alikuwa mwanasayansi Francis Crick, ambaye mwaka 1994 aliandika kwamba furaha zako, huzuni zako, kumbukumbu zako na utashi wako si zaidi ya mwenendo wa mkusanyiko mkubwa wa seli za neva.

Midgley ana mfano wa atlasi anaoutumia mara nyingi. Fungua kurasa za mbele: ramani ya mipaka ya nchi, ramani ya mvua, ramani ya madini, ramani ya watu. Zote ni za dunia moja, na hakuna aliye timamu anayesema ramani ya mipaka ni ndoto kwa kuwa kwenye ramani ya mvua mipaka haionekani. Kila moja inajibu swali lake.

Kwa darasani, leta kitendo kimoja mkikague. Baba anaamka saa nane usiku kumpa mtoto dawa ya homa, na amechoka. Mwanakemia wa ubongo ataeleza homoni zinazohusika na kushikamana na kuamka. Mtaalamu wa mageuzi ya viumbe ataeleza *r* ya 0.5. Mwanasosholojia ataeleza zamu za ulezi katika familia. Baba mwenyewe atasema daktari alisema apewe kila baada ya muda wa saa sita, na dozi ya mwisho ilikuwa saa mbili usiku. Sasa uliza: ni maelezo yapi yanayosema kwa nini aliamka saa nane kamili na siyo saa tisa? Ni ya baba pekee. Na ni yapi yanayosema kwa nini dawa ikishindwa kushusha homa atapata hofu mwilini kabla hata hajafikiri? Hapo homoni na mageuzi yana mengi ya kusema. Hakuna maelezo yanayomfuta mwenzake.

Hatua ninazopendekeza wanafunzi wazifuate wakikutana na kauli ya aina hiyo ni hizi. Waandike kwanza kipimo chenyewe kilipima nini: mtiririko wa damu kwenye ubongo, kiasi cha homoni, idadi ya watoto. Kisha waandike hitimisho la mwandishi kwa maneno yake. Halafu watafute neno lililomo kwenye hitimisho ambalo halikupimwa: upendo, utashi, ubinafsi, udanganyifu. Hapo ndipo daraja lilipo, na mara nyingi halijajengwa. Mwisho wajaribu kuigeuza kauli kwa msemaji: kama fikra zote si kitu ila neva, basi na nadharia hii pia ni mwenendo wa neva, kwa nini tuiamini kuliko nyingine? Crick hakutaka tuisome nadharia yake hivyo. Alitaka tupime sababu zake, na kupima sababu ni kazi ya mtu anayefikiri.

Tahadhari moja. Wapo watakaotumia njia hii kukataa chochote wasichokipenda, pamoja na mageuzi yenyewe. Midgley hakuwa huko hata siku moja. Ramani mbili zikipingana juu ya jambo lilelile, moja lazima irekebishwe.

hoja_kwa_hoja

Wakuu, mmeruka kizingiti kikubwa. Mwanafalsafa David Hume aliandika mwaka 1740 kwamba huwezi kutoka kwenye "ndivyo ilivyo" ukafika "ndivyo inavyopaswa" bila kueleza umevukaje, na mwaka 1903 G. E. Moore akashikilia kwamba wema haufafanuliki kwa sifa za kimaumbile. Midgley anasema asili yetu ni muhimu kwa maadili. Mwanafunzi mwerevu atauliza: basi na hasira ni ya asili, tuihalalishe?

Jibu lake, kwa ninavyomwelewa, ni kwamba Hume yuko sahihi kuhusu mantiki tupu, lakini mahitaji si ukweli mtupu kama urefu wa mlima. Chukua majaribio ya Harry Harlow kwa nyani wachanga wa rhesus miaka ya 1950. Walipewa sanamu mbili: moja ya waya yenye chupa ya maziwa, nyingine iliyofunikwa kitambaa laini bila maziwa. Walinyonya kwenye waya kisha wakarudi kung'ang'ania kitambaa kwa sehemu kubwa ya siku. Nadharia ya kwamba mtoto humpenda mama kwa ajili ya chakula tu ilianguka hapo. Na ukishajua kwamba mtoto anahitaji kukumbatiwa, huhitaji kanuni nyingine kutoka mbinguni ili useme kumnyima ni kumdhuru. Ukweli kuhusu mahitaji unakupa sababu. Haukupi hukumu ya mwisho, kwa kuwa mahitaji hugongana.

Ndiyo maana hasira haihalalishwi. Iko ndani yetu, ina kazi zake, na ina gharama kwa hamu nyingine zinazodumu zaidi. Kinachopimwa ni maisha yote kwa pamoja.

mkufunzi_wa_maadili

Nimekupata. La mwisho wakuu: Gombe. Kila mwaka mwanafunzi mmoja husema vita vya sokwe vya Kigoma vinathibitisha kwamba binadamu ni muuaji kwa asili.

mtafiti_silika

Mpe mambo yalivyo kwanza. Kundi la Kasakela liligawanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya madume wakahamia kusini na kuwa kundi la Kahama. Januari 1974 Hilali Matama, mtafiti wa Gombe, aliona madume wa Kasakela wakimvamia Godi, dume wa Kahama aliyekuwa peke yake anakula. Alishikwa chini na kupigwa, na hakuonekana tena. Hadi mwaka 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au wametoweka.

Wapo waliodai chanzo ni ndizi ambazo watafiti waliwapa sokwe. Mwaka 2014 utafiti uliochapishwa kwenye jarida la *Nature* ulikusanya taarifa za makundi 18 ya sokwe na 4 ya bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe: matukio 152 ya sokwe kuua, 58 kati yake yakiwa yameshuhudiwa kwa macho. Kilichoendana na mauaji kilikuwa hasa idadi ya madume na msongamano wa sokwe. Athari za binadamu hazikuonyesha uhusiano huo. Kwa bonobo, wanaoishi Kongo kusini ya mto, kulikuwa na tukio moja tu, nalo la kushukiwa.

Kwa hiyo usimwambie mwanafunzi kwamba sokwe ni wapole na ndizi ndizo zilizowaharibu. Ushahidi hauko hivyo. Mrudishe kwenye idadi. Sokwe haohao, siku nyingi mno, husafishana manyoya, hugawana nyama, na baada ya ugomvi hutafutana na kugusana. Mchunguzi wa tabia za wanyama Frans de Waal na mwenzake waliandika kuhusu upatanisho huo mwaka 1979 kwa sokwe wa hifadhi ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi. Anayechagua shambulio la Godi kama "asili yenyewe" na kuyaita mengine "mapambo" amefanya uchaguzi ambao data haikumfanyia. Midgley angemtaka aeleze alichaguaje. Muulize hivyohivyo, kisha mpe saa nzima ya uchunguzi wa sokwe airekodi dakika kwa dakika kutoka kwenye video, aorodheshe kila tendo, ndipo aandike insha.

bint_jenetiki

Na akiandika, akumbuke bonobo na sokwe wako karibu nasi kwa ukoo kwa kiwango kilekile. Akimtumia mmoja kama kioo chetu, lazima aeleze kwa nini amemwacha mwingine.

Kwa usomaji, mkuu, wape sura ya silika ya *Beast and Man* kwanza, halafu makala tatu za 1979, 1981 na 1983 zisomwe kwa mfuatano huo, siku moja. Ukiwapa ya 1979 peke yake utakuwa umemwonea Dawkins. Ukiwapa ya 1981 peke yake utakuwa umemwonea Midgley.